Dada Yangu na Kamati ya Bangi

Jumatatu, 4 Machi
Kamati ya kukusanya maoni kuhusu kuhalalisha bangi itakaa ukumbini Alhamisi. Kinyozi, jirani yangu wa kibanda cha pili, amejiandikisha kupinga. Wateja wameshaanza kumwita Mheshimiwa. Mimi fundi redio mwaka wa kumi na tisa huu, nani ananiita chochote? Nimejiandikisha kuunga mkono. Sijawahi kuivuta. Ila upande wa kupinga ulikuwa umeshachukuliwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimemsomea mke wangu hotuba. Akasinzia aya ya pili. Alipozinduka akasema ni maneno matupu, hayana mtu ndani yake.

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea dada uji. Dawa za saratani zimemmaliza, kichwa hakina hata unywele. Lakini leo kala, na kacheka pia. Nikamuuliza kulikoni. Akafunga mlango kwanza. Anachemsha majani ya bangi, kidogo tu, kichefuchefu kinatulia. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata mama. Nikaapa.
Njiani nikagundua nimepata hotuba.

Alhamisi, 7 Machi
Jina sikulitaja. Nilisema “dada yangu” tu. Ninaye mmoja! Makofi ukumbi mzima. Mwenyekiti akafuta miwani.
Kisha akasimama Kinyozi. Akaeleza taratibu habari za mdogo wake, aliyevurugwa akili na bangi akiwa chuoni. Mpaka leo yeye ndiye humwogesha. Akakaa. Miaka yote tumepakana, na sikujua. Hata kufurahia makofi yangu nikashindwa.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi polisi wawili walikwenda kwa dada. Wakapekua jikoni, wakabeba majani na sufuria. Yeye wakamwacha, maana hata kusimama hakuweza. Nilimkuta anatapika, mama kamshikia beseni. Hakunigombeza. Alisema, “Nilikuambia wewe peke yako.”
Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi
Kinyozi amekwenda kumjulia hali dada. Akakaribishwa ndani. Mimi nimeongea na mlango. Mama akajibu kutoka ndani kwamba mgonjwa amepumzika, na mimi nikapumzike kwangu.

Jumapili, 10 Machi
Nimemkosea dada. Nakiri. Roho inaniuma, chakula hakipiti. Lazima nimwombe radhi kama mwanamume, bila kuficha kitu: kiapo, majani, polisi, anavyotapika. Nimejaza kurasa nne. Mke wangu hajasinzia safari hii, analia.
Kamati inakaa tena kesho, na watu wa televisheni watakuwepo. Nimejiandikisha wa kwanza.