Kitabu Nilichokifunga Mnyororo

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Barua imekuja. Bahasha ya kaki, muhuri mkubwa, habari mbaya. Nilimpa Mkutubi heshima ya kuisoma kwa sauti, maana miwani yangu iko kwa fundi tangu mwaka juzi. Inasema hivi: Ijumaa mkaguzi atakuja kuhesabu vichwa. Akikuta wasomaji arobaini, maktaba inabaki. Akipungua hata mmoja, Jumamosi mlango unafungwa, Mkutubi anahamishiwa kwenye stoo ya fomu, na mimi narudi nyumbani kukaa. Mimi! Mlinzi, mfagizi na mshika ufunguo wa maktaba hii kwa miaka thelathini na mmoja. Vitabu elfu mbili mia tatu na nne. Vyote nimevifuta vumbi kwa mkono wangu huu. Nitajie profesa mmoja aliyevishika vyote. Hayupo.

Leo wamekuja wasomaji wawili. Mmoja alikuwa anakimbia mvua. Wa pili alikuja kumtafuta wa kwanza.

Jamii imeoza kwa ujinga. Zamani mtu akipita na kitabu kwapani aliamkiwa mara mbili. Siku hizi anaulizwa kama anaumwa. Nilimwambia Mkutubi hivyo, akakubali, kisha akaniuliza kwa adabu mimi binafsi nimesoma vingapi. Nikamjibu kwamba mwenye duka la sukari halambi sukari. Akarudi kwenye kadi zake. 

Kuhusu kusoma kwangu niweke wazi hapa, vizazi vijue. Nilifika darasa la pili nikaona inatosha. Kuandika naandika vizuri sana, kwa sababu ninachoandika nakijua. Shida iko kwenye kusoma. Huko ni mambo ya mtu mwingine, utajuaje anataka kusema nini?

Saa kumi akaingia Kinyozi wa ng'ambo ya barabara na futi yake, akaanza kupima ukuta. Ameshaahidiwa ukumbi. Anataka kuweka viti sita vya kunyolea na televisheni kubwa kama mlango. Aliniita Profesa wa Vumbi, mbele ya Mkutubi. Nilimkodolea macho, naye akaniomba nimshikie ncha ya futi, nikashika. Alipoondoka ndipo nikagundua nimemsaidia.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mpango wa kwanza: kuwaaibisha. Nilisimama mlangoni asubuhi nzima nikiwaambia wapita njia kwamba ni wajinga, waingie wapone. Waliitikia kwa namna yao. Shati nimeliloweka, limejaa nyanya. Hadi adhuhuri wameingia saba. Sita wanachaji simu. Wa saba alitaka kujua kama kiti changu kinauzwa.

Mchana nikaenda kupeleleza kwa Kinyozi. Benchi limejaa, wengine wamesimama hadi nje. Na hakuna anayenyolewa! Wanasikiliza tu. Kinyozi anafundisha, mkasi mkononi kama fimbo ya mwalimu. Alisema kusoma sana kunakausha damu, kuna mtu alimwona kwa macho yake. Alisema mwezi umeshushwa, zamani ulikuwa juu zaidi. Fundi viatu akasema ndiyo maana soli siku hizi zinaisha haraka. Wote wakaguna kwa kuelewa.

Muuguzi wa zahanati alikuwa anapita. Akasimama, akajaribu kuwarekebisha kuhusu dawa fulani ya homa. Wakamwambia, dada, hayo ni ya vitabuni, sisi hapa tunazungumza ukweli. Akaondoka zake. Nilitaka kumtetea, ila lile suala la mwezi lilikuwa limeniingia kidogo.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Akili imefunguka! Nilikuwa nanawa uso. Nikaona yote, kama mtu aliyepangusa kioo. Mtu hataki anachopewa, anataka anachonyimwa. Mtoto mpe uji, atautema. Mnyime sindano, ataililia mtaa mzima uje.

Nikachukua mnyororo wa marehemu mbwa wetu na kufuli la banda. Nikaenda rafu ya mwisho kabisa, ile ambayo hata panya wameihama, nikachagua kitabu kwa vigezo vya kitaalamu: chekundu, unene wa vidole viwili, hakijaguswa na binadamu isipokuwa mimi. Nikakifunga kwenye meza ya katikati. Mnyororo mara tatu, kufuli juu ya jalada. Kufuli limefunika jina la kitabu, lakini haidhuru. Miwani iko kwa fundi.

Kisha nikamnong'oneza muuza mboga wa kona kwamba wakubwa wamekikataza kitabu hiki kisisomwe na raia. Nikamwapiza asimwambie mtu. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Nilipovuka barabara kurudi, watu wanne walikuwa wameshanitangulia mlangoni.

Mkutubi akauliza mnyororo wa nini. Nikasema usalama. Akasema yeye hawezi kudanganya watu. Nikamwambia, mwanangu, usidanganye, wakiuliza wewe sema tu kitabu hiki hakiazimwi. Na ni kweli. Kimefungwa.

Jioni daftari la wageni lina majina sitini na moja. Wanatakiwa arobaini, mimi nina sitini na moja, tena Jumatano! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Foleni imefika kwa fundi viatu. Wanaingia, wanakizunguka kitabu polepole kama wanaaga maiti ya tajiri, wanatoka wakijua kila kitu. Tayari kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema kitabu kinafichua maji ya mtaa huu yanakopelekwa. Kambi ya pili inasema kinawatukana wanawake. Muuza mboga ana ukurasa wa hamsini na tatu kichwani, neno kwa neno. Bwana harusi mmoja ameahirisha ndoa kwa sababu ya sura ya tatu. Hakuna aliyeuliza kinaitwaje.

Kinyozi alikaa bila mtu hadi saa tano. Nilikuwa nampungia mkono kila nikipata nafasi. Saa sita akatangaza kwamba yeye alishakisoma zamani, kwa siri, tena lile toleo refu. Benchi likajaa palepale. Nilichemka! Mimi ndiye niliyekifunga, halafu yeye ndiye anakieleza! Nikavuka barabara, nikamwambia mbele ya watu kwamba hakijui.

Akaweka mkasi chini. "Haya Profesa, wewe unayekijua, tuambie kinasema nini."

Watu wote wakanigeukia. Nikasema kinasema mengi. Wakapiga makofi, lakini si kama yake.

Jioni mambo yakachukua sura nyingine. Kambi ya pili imeamua kitabu kichomwe. Kambi ya kwanza nayo imekubali, ili maadui wasikipate. Kesho saa nne, palepale mezani. Mkutubi akafunga daftari la wageni. Kisha akasema, "Baba, wakianza na kimoja, hawataishia kimoja." Nikamwambia asijali, moto huleta watu.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mia moja thelathini na sita! Mkaguzi alifika saa nne kamili, mtu mfupi mwenye faili, akapenya kwa viwiko, akahesabu mara mbili. Alikuwa anatabasamu hadi alipomwona Kinyozi na kiberiti.

Hapo Mkutubi akapanda juu ya meza. Binti mpole vile, ambaye hata nzi humwomba radhi kabla ya kumfukuza! Akasimama kitabu kikiwa katikati ya miguu yake, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Hapa hakichomwi kitu kabla hakijasomwa. Baba, lete ufunguo."

Nikautoa.  Akafungua kufuli. Akasoma jalada. Akaniangalia. Sitaandika alivyoniangalia.

Kisha akasoma kwa sauti: "Namna Bora ya Kuchimba na Kutunza Choo cha Shimo."

 Ungesikia unywele ukianguka kwa Kinyozi ng'ambo. Mkutubi akaendelea. Shimo lisichimbwe karibu na kisima, umbali usipungue mita thelathini. Shimo liwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu. Kifuniko kibane vizuri ili nzi wasitoke.

Nikajua nimekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kurudi kinyumenyume kuelekea dirishani. Lakini Kinyozi, na hapa lazima nikiri yule mtu ana kipaji, akainua kidole. Akauliza kama wamesikia. Kisima ni nani? Shimo ni nani? Watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Fundi viatu akauliza, na nzi je?

"Nzi ni sisi," Kinyozi akasema kwa huzuni.

Mama mmoja akaanza kulia. Kiberiti kikarudi mfukoni, maana kumbe kitabu kiko upande wetu. Sasa wakataka kisomwe chote! Mkutubi akasoma hadi sauti ikakauka, na kila baada ya ukurasa akiwakumbusha kwamba choo ni choo. Wakamkonyeza. Walielewa kwamba hawezi kusema wazi, mkaguzi yuko palepale.

Mtu mmoja tu alisikiliza choo kama choo. Mke wangu. Alikuwa amesimama nyuma na kapu lake, anahesabu kwa vidole.

Mkaguzi ameandika uamuzi: maktaba inabaki, kwa sharti moja. Kila siku ya kazi, ikifika saa tatu asubuhi, mlango uwe wazi. Atakuwa anapita bila taarifa. Akiukuta umefungwa hata siku moja, basi, ukumbi anapewa Kinyozi siku hiyohiyo. Mkutubi alilia kwa furaha. Tumeshinda! Yaani mimi nimeshinda.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mke wangu ameamka akapima kwa hatua kutoka kisima chetu hadi choo chetu. Kumi na moja. Akarudia. Kumi na moja. Nikamshauri achukue hatua fupifupi, zitakuwa nyingi. Hakucheka.

"Baba Watoto," akasema, "wajukuu wanaugua matumbo miaka yote hii, kumbe dawa ilikuwa kwenye rafu yako."

Nikamweleza kwa upole kwamba choo kile nilikichimba mwenyewe, siku mbili, bila mtaalamu, bila kitabu, na kimesimama miaka kumi na tisa. Akasema ndicho anachokisema yeye. Akanikabidhi sepetu. Nimeiegemeza ukutani, pazuri, haitaanguka.

Akaenda maktaba kukiazima. Mkutubi akampa kiti, wakakaa wawili hadi saa ya kufunga wakichora vipimo kwenye karatasi na kuchekacheka. Mke wangu anasoma haraka kuliko ninavyoongea! Miaka arobaini na mbili ya ndoa, hajawahi kunitajia. Nilipomuuliza kwa nini, akasema sijawahi kumpa nafasi.

Watu wengine? Hakuna. Kinyozi amewatangazia kwamba kile kilichosomwa ni juzuu ya kwanza tu. Mambo yenyewe yako kwenye ya pili, na ya pili anayo kichwani. Benchi limefika barabarani. Maktaba nzima leo: msomaji mmoja. Naye simhesabu, ni mke wangu.

Mkutubi alinifuata nikifagia. Akasema, tena kwa heshima zote, kwamba kama napenda anaweza kunifundisha kusoma, nusu saa kila siku, mlango tukiwa tumeurudishia. Nimekataa. Mtu aliyejaza ukumbi kwa kufuli moja, herufi zitamwongezea nini?

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Jana nilifikiri kutwa nzima badala ya kuchimba. Hesabu ni rahisi hata kwa mtu wa darasa la pili. Kilifungwa kitabu kimoja, wakaja mia moja thelathini na sita. Je, vikifungwa vyote elfu mbili mia tatu na nne? Karatasi ilijaa kabla jibu halijaisha. Ni mji mzima, na mji wa jirani, na wageni wao.

Kwa hiyo leo, jua likichomoza, nimefunga mlango mkubwa wa maktaba. Minyororo miwili na kufuli jipya, kubwa kama ngumi ya bondia, lile la kubana tu lisilohitaji ufunguo kulifunga. Hilo ni muhimu, maana ufunguo nilikuwa nimeshautumbukiza chooni kabla ya kutoka nyumbani, nisije nikalegea kwa huruma. Juu nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu mwenyewe: KUSOMA MARUFUKU.

Saa mbili na nusu akaja Mkutubi. Akasoma karatasi. Akaketi kwenye ngazi, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha, bila shaka. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mkaguzi ameonekana anashuka pale kituoni. Nikamwambia vizuri sana, afike mapema apate nafasi.

Mara mke wangu naye huyo, kitabu chekundu kwapani. Amekimaliza. Anataka kile cha kuchanganya zege. Akauliza ufunguo uko wapi. Nikamjibu uko mahali salama, hatua kumi na moja kutoka kisimani. Ameniangalia kama Mkutubi alivyoniangalia siku ile. Lazima watakuwa wamefundishana.

Nimewaambia wajipange, mmoja nyuma ya mwenzake, wasisukumane. Ng'ambo ya barabara Kinyozi ametoka nje na futi yake, amesimama tu anatutazama. Wivu.

Foleni ina watu wawili tayari, na haijafika hata saa tatu. Halafu kuna mtu anasema siku hizi watu hawapendi kusoma!