Saizi Yoyote Utakayo

Redio alifika kijiweni akihema, hata benchi hajalikalia.

"Mmesikia? Wino kabandika tangazo mlangoni: herufi saizi yoyote utakayo! Nimeshalipeleka hadi sokoni!"

Wino mwenyewe alikuwa palepale, mgongo ukutani mwa duka lake la uchapaji, chai ikimpoa mkononi. Alimtazama Redio kama mtu anayetazama mvua ikilowesha nguo alizoanika.

"Nani alikutuma?"

"Kwani tangazo si la kutangazwa?"

"Saizi yoyote ndiyo nini?" aliuliza Mwalimu, mstaafu asiyetoka nyumbani bila miwani na rula yake. "Herufi si zina saizi zake kama viatu? Kumi, kumi na mbili, kumi na nne?"

"Hayo ya zamani, Mwalimu," alijibu Wino. "Programu hii mpya ukiiambia kumi na mbili na robo, inakuchorea kumi na mbili na robo. Tena haivuti herufi kama mpira, inaichora upya. Ikiwa ndogo inainenepesha kidogo isomeke, ikiwa kubwa inaipunguza mwili. Shati la mtoto si shati la baba lililorudi majini, ati."

"Sasa mbona umenuna?" alidakia Mama Chai, akimwongezea ya moto.

Wino akashusha pumzi. Miaka yote uchache wa saizi ndio uliomlinda. Mteja akija juu kwamba jina la wifi yake limezidi lake, humjibu kwa upole: mama, herufi ni hii au hii, katikati hakuna. Watu wanaenda zao na undugu unabaki. Leo kinga hiyo kaivunja mwenyewe kwa karatasi na gundi, tena wiki ya kuozesha binti yake.

"Dada yangu kapiga simu," alisema. "Anataka kwenye kadi jina lake limzidi mama wa bwana harusi. Kidogo tu, eti. La sivyo hatatia mguu. Na yeye ndiye aliyemlea bibi harusi tangu mama yake afariki. Nitamtazamaje mwanangu siku hiyo bila shangazi yake?"

"Si umpe!"

"Mama wa bwana harusi naye kapiga. Anataka amzidi dada."

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Redio, aliyeanza ghafla kuchunguza kucha zake.

"Mwambie kila mmoja kwamba kamzidi mwenzake," alishauri Mama Chai. "Nani atapima?"

Wino akakohoa. "Nimeshafanya. Wote nimewapa saizi moja."

"Hebu tuione."

Akatoa kadi mfukoni, akaonyesha upande wa chini tu. Wa juu aliufunika kwa kiganja.

"Toa mkono, bwana!"

"Bado mbichi."

Kabla hawajambana, wanawake wawili walitokea konani bega kwa bega, hakuna anayetabasamu. Dada mtu alinyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba hiyo rula. Na wewe, lete kadi."

Alipima. Mwenzake akapima tena, maana kipimo cha mtu mwingine hakukiamini.

"Tuko sawasawa!" dada aling'aka. "Si ulisema nimemzidi?"

"Hee! Mimi aliniambia nimekuzidi wewe!"

Wakatazamana. Wino aliiona harusi ya mwanawe ikivunjika mbele ya vikombe vya chai. Lakini rula ilikuwa imeshaanza kupanda juu ya kadi.

"Mkwe, hebu ona," alisema dada. "Jina hili la juu la nani?"

"Si la huyu huyu! Mbona limekula nusu ya kadi?"

"Tunagombana sisi, kumbe mwizi yumo ndani!"

Walicheka mpaka wakashikana mikono wasianguke. Kisha nyuso zote mbili zikamgeukia Wino.

"Ingia ukawashe mashine," dada aliamuru. "Sisi tuache tulivyo. Lako lipunguze."

"Hadi saizi gani, dada?"

"Yoyote nitakayo. Si umeandika mwenyewe mlangoni?"

Wakamsimamia, mmoja kila bega. Punguza. Punguza tena. Programu nayo, kwa utiifu wake, ikawa inachora upya kila walipoambiana bado.

Kadi ilipotoka, Mwalimu alivaa miwani, akaisogeza hadi puani.

"Hapa juu naona nukta. Sentensi imeishia hapa?"

"Hapana, Mwalimu," alisema Redio, akiwa ameshainuka kwenda kutangaza. "Huyo ndiye baba wa bibi harusi."