Nahodha Mtarajiwa wa Drafti

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi klabu yetu ya wastaafu inapata nahodha wa drafti. Mchezo mmoja tu: mimi na Fundi Saa. Amenifunga Jumamosi kumi na moja mfululizo, na kila mara hunipa pole kama nimefiwa. Basi! Leo nimepakua drafti kwenye simu. Imenifunga mara tisa kabla chai haijapoa. Furaha iliyoje! Ikiwa inanionea mimi hivyo, Fundi Saa atapona?

Mpango: simu mapajani. Akisogeza kete, naingiza kwenye simu. Simu ikijibu, nami najibu hivyohivyo.

Jumanne, 4 Machi
Kikwazo kidogo. Simu huandika pa kusogeza kwa herufi kama sisimizi. Nimeingia kwenye mipangilio, peke yangu kabisa, nikazikuza hadi mwisho. Sasa neno KUSHOTO linajaza kioo kizima. Mke wangu, akiwa jikoni, akauliza huko kushoto kuna nini. Nikamsifu kwa macho mazuri.

Alhamisi, 6 Machi
Majaribio na shemeji. Nimemfunga mara nne, hakushtuka hata kidogo. (Hajui drafti, na alikuwa akisinzia. Si hoja.) Nimeanza hotuba ya unahodha. Kurasa mbili, na bado sijafika kwenye shukrani.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitandaza gazeti mapajani, simu chini yake, pembe nimeinua kidogo. Nikala kete tatu! Fundi Saa akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Nyuma yangu, kwenye benchi la watazamaji, nikawasikia wakinong'ona kwamba sasa naenda upande wa kulia. Nikaenda kulia. Eti sasa namla wa kati. Nikamla. Nikajiambia, hatimaye watu wananielewa!

Ghafla simu ikaacha kunielekeza. Nikatazama dari, kidole kidevuni, kama mwenye mawazo mazito. Dakika nzima. Hapo nesi mstaafu akauliza kwa sauti, "Mzee mwenzangu, hilo tangazo la dawa ya meno linaisha lini? Tunataka kujua unakwenda wapi!"

Benchi zima lilikuwa likisoma.

Fundi Saa alicheka mpaka akashika meza. Hakutaka nifukuzwe. Aliomba tu simu iwekwe dirishani, tumalizie kwa vichwa vyetu. Dakika nne. Nahodha ni yeye. Pole nikapewa, ya kumi na mbili.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa moyo mnyofu. Kosa langu nimeliona. Nilikaa vibaya! Mtu mwenye mpango anakaaje na mgongo wazi? Jumamosi ijayo nakaa ukutani, na programu nimebadilisha, hii haina matangazo. Mke wangu ameuliza kama nimefikiria kujifunza drafti. Wanawake na mizaha yao.

Nimempigia Fundi Saa kumwomba marudiano. Amekubali hata kabla sijamaliza kuomba, tena akicheka. Hofu hiyo!