Machibya wa Igogo na Kamera Mbili za Harusi

Tegeni masikio, enyi watu wa Igogo, nanyi wa Kirumba mlioacha mizani za dagaa ili mje kusikia; wenye simu wazizime, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mambo haya ni mazito. Ni habari za Machibya mwana wa Ng'washi, fundi cherehani, simba wa kuomba punguzo, aliyeshuka mjini peke yake na akiba ya kamera moja, akakabiliana na mbili.

Msidhani alifuata sifa, ingawa majirani walisema hivyo. Kwenye harusi ya kaka yake Machibya, mama yao Ng'washi alicheza mpaka akapoteza kiatu. Lakini video iliyopigwa kwa simu ilipowashwa, ilionekana migongo ya mashangazi tu. Tangu hapo kila ikiwekwa, mama huuliza kwa upole, "Mimi niko wapi?" na nyumba nzima hutazama chini. Sasa Modesta, kitinda mimba wake, alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama hakubakiwa na harusi nyingine ya mtoto wa kuichezea. Hilo lilimuuma Machibya kuliko sindano.

Basi akaingia dukani kwa mzee Rutashobya, muuza kamera kuukuu, mtu wa Kagera, ambaye maneno yake yote yamepigwa pasi. Baada ya shikamoo na marahaba, mahasimu wawili wakawekwa mezani. Wa kwanza alikuwa jitu jeusi la kukaa begani, lenye vitufe vya kutisha, ila limezeeka, na kila uso linaupaka rangi ya uji wa ulezi. Wa pili alikuwa kamera ndogo ya kiganjani, yenye picha safi hata jasho la pua ya mwenye duka lilionekana.

Rutashobya akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Kijana, hii ndogo ni macho, na hii kubwa ni cheo. Fedha yako inatosha kimoja. Chagua, na historia itakuhukumu."

Mgeni angechukua ndogo akaenda zake. Lakini Machibya aliwajua mashangazi zake. Shangazi Suzana wa Usagara hampishi mtu mwenye kitu cha kuenea kiganjani. Kwake huyo ni mtazamaji kama watazamaji wengine, na asimame nyuma. Akiona jitu begani, husogea mwenyewe, akawavuta na wenzake, na mpiga picha akaletewa soda kabla ya bwana harusi.

Shujaa akashika hii, akashika ile, akatoka nje kupunga upepo, akarudi. Ndipo macho yake yakapanda juu ya kabati, akaona kamera nyingine kubwa, imekufa zamani, haina kioo wala utumbo, buibui kahamia.

"Mzee wangu," akasema, "macho nitayanunua. Cheo, naomba unipe yule marehemu."

 Rutashobya akacheka mpaka akafuta machozi, akampa bure.

Machibya akafukuza buibui, akaipachika ile ndogo mdomoni mwa marehemu, akaikaza kwa lastiki ya sketi na kuishonea mkanda wa bega. Jumamosi akaingia ukumbini kwa hatua za jenerali. Na nani alipaza sauti, "Pisheni kamera jamani, mnaziba!" kama si Suzana mwenyewe? Mashangazi wakagawanyika huku na huku, na katikati akabaki Ng'washi, kanga kiunoni, anacheza kama mwenye kiatu kingine cha kupoteza.

Jumapili video ikawekwa. Mama akasogea mpaka karibu na runinga. Machibya akaona kidevu cha mama kinatetemeka, naye akajifanya anakagua waya.

Basi ijulikane kuanzia Igogo hadi Usagara, na vizazi viambiwe, kwamba siku hiyo Ng'washi hakuuliza yuko wapi. Alisema tu, "Rudisha nyuma, mwanangu, pale kiatu kinaporuka." Na shujaa akarudisha.