Begi Lenye Dhamana ya Miaka Ishirini na Mitano

Jumapili, 2 Novemba

Naanza kuandika leo. Mtu wa kiwango changu akiishi bila kuandika chochote, nchi tatu zinapata hasara: Kongo iliyonizaa, Uswidi inayonitegemea, na Ubelgiji nilikolala siku mbili na mpaka leo wananiulizia.

Habari kubwa! Kampuni yetu ya usafi imenipa kompyuta. Ya kubeba! Mimi, Zacharie, niliyeacha shule kidato cha pili kule Uvira kwa sababu mwalimu aliona naanza kumpita. Tumepewa wasimamizi wawili tu: mimi na Cyriaque, yule Mrundi mkimya. Tarehe 13 kuna mkutano mjini Göteborg, na mmoja wetu atatumwa akaeleze tunavyofanya kazi. Bosi wetu Ann-Britt atachagua Ijumaa.

Atanichagua mimi. Sasa kuna ubaya gani kutangaza mapema? Leo kanisani Hjulsta, wakati wa matangazo, nilisimama nikasema kampuni inanituma Göteborg. Makofi! Mchungaji Dieumerci akaniita mbele akaniombea safari: magurudumu, dereva, hata reli. Mke wangu Adrienne aliinamisha kichwa mpaka baada ya amina. Nadhani alikuwa bado anaomba.

Tatizo moja. Nikirudi kitini nilijitazama: mikono mitupu. Msafiri wa kikazi asiye na begi anafanana na mtu anayetafuta choo.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata begi! Bon, nianze mwanzo.

Duka la mjini. Muuzaji ni msichana, kibati cha kifuani kinasema Dalia. Aliniuliza nasafiri kikazi mara ngapi. Nikasema kila siku. Si uongo! Nyumbani Bredäng mpaka kazini Flemingsberg: metro, halafu treni, manispaa mbili, na maji tunavuka. Nikamwambia nataka begi lisilokufa. Nikamsimulia begi langu la Uvira, lile ambalo mamba wa mto Ruzizi aliliuma mwaka 96 akaliachia meno mawili. Akauliza kompyuta ni ya inchi ngapi. Nikasema ni ya wakubwa.

Ndipo nikaliona. Jeusi! Kitambaa kigumu kama turubai la lori. Mifuko kumi na minne, mingine ndani ya mingine. Mahali pa kompyuta pana sponji kama kigodoro cha mtoto. Na dhamana ya miaka ishirini na mitano! Nitakuwa na miaka sabini na saba, begi bado linasafiri.

Bei siandiki, Adrienne anajua kusoma. Ila Uswidi wana kitu kitamu kinaitwa öppet köp: unachukua, unakaa nacho siku thelathini, ukijuta unarudisha, mradi lebo haijakatwa. Lebo nimeisukuma ndani ya mfuko wa nane. Akili!

Kazini nilipita mbele ya Cyriaque mara nne. Mara ya nne akauliza kama nimepoteza kitu. Yeye kompyuta yake anaizungushia taulo la mwanawe, anaitia kwenye mfuko wa duka la vyakula, ule wa kijani wenye mishikio mirefu. Nikamuuliza ile ni kompyuta au viazi. Akajibu, mkubwa, kwani viazi navyo havifiki? Watu wengine hawana ndoto.

Jumanne, 4 Novemba

Leo nimelijaribu begi kisayansi.

Kwanza nilisimama juu yake. Kilo tisini na sita. Kimya! Pili, bafuni, chini ya maji dakika kumi. Ndani kavu kabisa! Nikamwita binti yetu Précieuse aje kushuhudia. Akamtazama baba yake amekaa chini ya maji na nguo zote, amekumbatia begi. Akasema lile neno lao la Kiswidi, pinsamt, yaani aibu tupu. Akafunga mlango. Tatu, balkoni, ghorofa ya tatu. Lilitua kama paka!

Jumatano, 5 Novemba

Kuna karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chini. “Kwa wewe unayerusha mabegi.” Waswidi hawagongi mlango wako, wanaandika. Alama tatu za mshangao, na mwisho kauso kanakotabasamu, ili usijue umetukanwa.

Nikiwa naisoma akatokea mwenyewe, bibi wa ghorofa ya kwanza. Tulisoma pamoja, tukatikisa vichwa pamoja. Tumekubaliana ni watoto wa siku hizi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilisahau jambo ninalolijua toka utotoni: kwetu ukitangaza safari, umejitangaza kuwa posta.

Wa kwanza Mama Épiphanie. Ametoka Hjulsta mpaka Bredäng na nyonga yake ile mbovu, na ngazi zetu zote! Binti yake Maombi amejifungua huko Göteborg wiki tatu zilizopita. Mtoto wa kwanza, na hana mama wala shangazi aliye karibu naye. Mama Épiphanie hawezi kukaa kwenye kiti cha treni saa tatu. Kwa hiyo ameleta ndagala, dagaa wakavu wa kupikia mchuzi, maziwa yatoke vizuri, na kitenge. Si kipya. Ni kile alichombebea Maombi mgongoni siku walipokimbia vita. Akanishika mikono yote miwili, akasema, Baba Précieuse, wewe umetumwa na Mungu. Nikasema si Mungu peke yake, hata kampuni.

Kufika jioni walikuja wengine watano. Unga wa muhogo. Viatu vya harusi. Dawa ya mgongo ya mtu fulani. Begi limemeza vyote! Mifuko yote kumi na minne imejaa. Kitu kimoja tu kimekosa nafasi.

Kompyuta.

Ijumaa, 7 Novemba

Adrienne alisema acha vifurushi nyumbani, peleka kompyuta. Haelewi mambo ya ofisi! Begi lenye kompyuta peke yake linalegea ubavuni kama la mtu aliyefukuzwa kazi. Ann-Britt akiliona limejaa namna ile atasema, huyu amebeba kampuni nzima. Nikaenda nalo kama lilivyo.

Chumba kidogo. Radieta ya kupasha chumba joto inachemka. Ann-Britt akasema tuwashe kompyuta, kila mmoja aonyeshe orodha yake ya ukaguzi. Cyriaque akaitoa yake kwenye mfuko wa viazi, akafunua taulo, ikawaka. Wote wakageuka kwangu. Nikafungua zipu kidogo tu, kwa heshima, nionekane natafuta. Harufu ikatoka yenyewe. Ndagala za Tanganyika hazingoji kualikwa!

Ann-Britt akauliza, kwa upole sana, kama nafuga mnyama. Nikasema kompyuta yangu ipo kwenye uangalizi maalumu. Akafungua dirisha. Novemba!

Amemchagua Cyriaque. Fitina za ofisi, nazijua.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nilikwenda kanisani kukiri. Haki ya Mungu! Sentensi nilikuwa nayo tayari, nimeipiga pasi njia nzima kwenye metro: “Wapendwa, mkutano umenikosa.”

Dieumerci akaniita mbele kabla sijafungua mdomo. Safari hii akaweka mikono juu ya begi lenyewe. Sasa begi likishaombewa, utaliambia nini? Kisha Mama Épiphanie akanionyesha mjukuu kwenye simu, uso umekunjamana kama jaji. Akasema Maombi anahesabu siku, kila asubuhi anampigia kuuliza zimebaki ngapi. Zimebaki nne, akasema, na akacheka kama msichana.

Sentensi yangu ikarudi tumboni. Nimerudi Bredäng na kifurushi kingine.

Jumanne, 11 Novemba

Mipango! Kichwa kinawaka moto.

Mpango wa kwanza: posta. Haufai, wataona muhuri. Mpango wa pili: nijifungie chumbani siku mbili, nipige simu kutoka kitandani niseme Göteborg ina upepo. Adrienne akasema sawa, lakini ndagala zitalala upande wangu. Mpango wa tatu, huu ni wa akili: Cyriaque abebe, bila mimi kumwomba!

Nikamfuata kwenye chumba cha mafagio. Nikamwambia namhurumia, mjumbe wa kampuni kuonekana stesheni na mfuko wa viazi, hivyo nipo tayari kumwazima begi langu, lilivyo na vilivyomo. Akalinyanyua. Akalirudisha chini. Akasema, mkubwa, hili si begi, huu ni ukoo. Akasema yeye ataingia mkutanoni asubuhi na kutoka jioni, kesho yake hivyo hivyo, atagawa saa ngapi? Lakini kuna basi, akasema, linaondoka Alhamisi saa moja asubuhi. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yule mama alinishika mikono mimi, si yeye.

Nani alimwambia habari ya mikono? Adrienne! Kumbe wanapigiana simu. Na sipendi watu wanaosema kweli kwa sauti ya chini. Huwezi kuwafokea.

Nimeomba ruhusa ya siku mbili bila malipo. Ann-Britt akauliza sababu. Nikasema ni ya kidiplomasia.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimefika! Naandika nikiwa sebuleni kwa Maombi, Angered, mwisho kabisa wa tramu ya Göteborg. Siku kama hii hata mawaziri hawaipati!

Asubuhi, T-Centralen, stesheni kuu ya metro, ile ngazi ya umeme ndefu. Begi begani. Nasikia mlio: trrrrr! Zipu! Zipu ya miaka ishirini na mitano! Ngazi inapanda, ndagala zinashuka. Unga ukafuata. Na Waswidi ni watu wa utaratibu jamani! Wasio na haraka wamesimama kulia, wenye haraka wanapita kushoto, na samaki katikati. Bwana mmoja alivua ndagala kwenye kola yake akanipa, akasema samahani.

Kitenge cha Mama Épiphanie kilikuwa mbele yangu, kinapanda peke yake kuelekea kwenye meno ya chuma pale juu. Hapo nilipiga kelele, sijui kwa lugha gani. Mkono mmoja ukakidaka.

Cyriaque! Suti, tai, anaenda kupanda treni yake. Hakucheka. Heri angecheka. Aliokota pamoja nami, amepiga magoti na ile suti, mpaka ndagala ya mwisho. Kisha akatoa kompyuta yake na taulo, akaikumbatia kwapani kama Biblia, akanipa mfuko wa kijani. Vyote viliingia. Vyote! Akasema, mkubwa, kimbia, basi halijui cheo. Akaondoka na unga magotini.

Muda wa saa saba nzima kwenye basi, mfuko mapajani. Halafu mimi na tramu za Göteborg! Viatu vya harusi, nimefikisha. Dawa ya mgongo, nimefikisha, na mgonjwa akanisimulia mgongo wote. Nyumba sita, na Maombi wa saba.

Alifungua mlango kabla sijabonyeza kengele. Kitenge alikinusa kwa muda mrefu. Kilikuwa kinanuka ndagala, lakini sikusema kitu. Pengine hata wakati ule kilinuka hivyo hivyo. Akainama, akamfunga mtoto mgongoni, na mtoto aliyekuwa analia toka nifike akanyamaza. Nikaenda kusimama dirishani. Madirisha ya Göteborg yana upepo mbaya, macho yanatoa maji.

Maombi akauliza mkutano unaendeleaje. Nikasema nimewaachia wenyewe wamalizie.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimerudisha begi. Lebo ipo!

Nilimwambia Dalia kwamba zipu yao haijawahi kuona safari. Akafungua mfuko wa kwanza. Akaufunga. Akafungua wa nane, akatoa lebo, na pamoja na lebo ndagala moja kavu, nzima, na macho yake. Akauliza begi lilikuwa linabeba nini. Nikasema nyaraka.

Akanong'ona na mkubwa wake nyuma ya kaunta. Wakaja kunieleza kwamba dhamana inahusu kompyuta, siyo, siyo... wakatafuta neno la heshima wakalikosa. Mwisho wamenipa hati ya nusu bei, nichukue kingine pale pale. Ushindi! Nimechukua begi kubwa zaidi. Lina magurudumu, zipu mbili, na dhamana ya maisha. Maisha ya nani, hawakusema, na mimi sikuuliza.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisa zima limesimama! Maombi ametuma picha, mtoto mgongoni ndani ya kitenge, na Mama Épiphanie ameizungusha kiti kwa kiti. Alipiga vigelegele mpaka nyonga ikasahaulika.

Nilikuwa nimeamua kabisa: leo nakaa, sisemi kitu. Nikakaa. Nikavumilia dakika nzima! Halafu Dieumerci akaniletea maikrofoni mpaka mdomoni, akauliza kama kampuni imeridhika nami. Mtu atajibu nini? Nikasema wameridhika kupita kiasi, na sasa wananitaka Kopenhagen, mwezi wa kumi na mbili.

Makofi! Kahawa haijamiminwa bado, vifurushi vitatu. Adrienne ameinamisha kichwa tena. Mwanamke wa maombi sana.

Sina wasiwasi hata kidogo. Begi jipya lipo tayari karibu na mlango, linang'aa.

Jambo dogo moja, na libaki humu humu. Cyriaque ameulizia mfuko wake mara mbili. Nimemwambia ulichanika njiani. Haukuchanika. Adrienne ameufua, mimi mwenyewe nimeukunja mara nne, upo ndani ya begi jipya, mahali pa kompyuta.