Ombi la Kuondolewa kwa Jagi la Vipimo Katika Chumba cha Vanishi

Kwako Mkuu wa Ukaguzi wa Usalama Kazini,

KUHUSU: MKAGUZI WAKO NA JAGI LAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wa nyumbani kwako. Mimi mwenyewe ni mzima, isipokuwa moyo, na sababu ndiyo hii ninayoieleza.

Ni mchanganyaji wa vanishi katika karakana ya samani, na kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na sita. Nazimua vanishi kwa tina, kile kiyeyushi cheupe kama maji kinachoifanya vanishi nzito iteleze kwenye brashi na kukauka upesi. Tina ikipungua, vanishi inakuwa uji. Ikizidi, inakauka kabla haijashika mbao. Kipimo chake hakimo katika kitabu chochote, kimo puani mwangu. Naiinamia ndoo, navuta pumzi mara tatu, nasema "bado" au "tayari", na mafundi saba wanaanza kupaka. Ndiyo maana karakana nzima inaniita Pua, na jina hilo sijawahi kulikataa.

Mwezi uliopita ulitutumia mkaguzi. Ni dada mpole, ana adabu, na kama mtu sina neno naye. Lakini alituachia barakoa, jagi la plastiki lenye mistari, na amri kwamba nisinuse tena. Bosi wetu, ambaye karatasi yenye mhuri anaiogopa kuliko radi, amenipa wiki mbili. Nisipotii atanihamishia stoo kupanga misumari. Mkuu, mtu aliyeitwa Pua miaka yote hii hawezi kuzeeka akiitwa Misumari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barakoa. Mkaguzi anataka nizibe pua, kisha nifanye kazi ya pua. Sijamsikia mpishi aliyeamriwa kuonja mchuzi akiwa amefungwa mdomo.

2. Madai kwamba tina inaumiza kichwa. Jambo hili nimelifanyia utafiti mwenyewe. Jumatatu hadi Jumamosi, nikiwa na tina, kichwa changu kimetulia. Jumapili, nikiwa nyumbani mbali nayo, kinanipasuka tangu asubuhi, na hakiponi mpaka Jumatatu nitakapoiinamia ndoo ya kwanza. Mwenye akili timamu ataona wazi kwamba kinachoumiza ni mapumziko. Naiomba idara yako iyachunguze mapumziko.

3. Kunawa. Tumekatazwa kunawa mikono kwa tina eti inakausha ngozi na kupenya mwilini. Tina inaondoa vanishi kwa mpanguso mmoja, wakati sabuni ya mkaguzi inataka robo saa na maombi. Ni kweli mikono yetu imepasuka, lakini imepasuka ikiwa safi. Mwenzangu mmoja, seremala tunayemwita Randa, hawezi tena kushika chumvi kwa sababu ya nyufa, na hivyo amepunguza chumvi, jambo ambalo madaktari wamelihimiza siku zote.

4. Madirisha. Ameamuru yafunguliwe yote ili hewa ipite. Hewa ikipita, vumbi nalo halibaki nje likibisha hodi, na meza yenye vanishi mbichi huota ndevu. Tena madirisha yakifungwa chumba kinakuwa na upendo. Ikifika saa nane mchana watu wanacheka bila kisa. Tuliwahi kuletewa fundi mnuno asiyemsalimia mtu. Baada ya miezi mitatu alikuwa akiimba, na jioni akiiaga milango. Wiki iliyopita tulifungua madirisha siku mbili kwa kumtii mkaguzi, na siku ya pili ukazuka ugomvi. Watu walikumbuka kwamba hawapendani.

5. Jiko. Tunachemsha chai kwa jiko la mkaa kando ya mapipa ya tina, kwa kuwa ndipo penye kivuli. Mkaguzi alipoliona alipiga ukelele ambao haukumfaa mtu wa cheo chake, akasema mvuke wa tina unashika moto hata kwa cheche. Tumechemshia hapo miaka kumi na moja, na tumeungua mara mbili tu. Mara ya kwanza haikuwa kitu. Mara ya pili ni paa, na paa lenyewe lilikuwa bovu.

6. Chupa. Tina yetu ya matumizi madogo tunaiweka katika chupa za maji ya kunywa, kwa kuwa ndizo zilizopo. Mkaguzi anataka kila chupa iwe na kibandiko chenye picha ya fuvu, katika chumba ambacho watu wanakula chakula chao. Vibandiko vya nini, ilhali kila mtu anajua chupa ya tina ni ile ya kushoto? Aliyewahi kukosea ni mgeni mmoja wa bosi, naye ni kwa sababu alisimama upande wa pili wa meza. Aliitema papo hapo, na hospitali walimruhusu kesho yake.

7. Jagi. Hapa ndipo penye kidonda. Tangu jagi hili liingie, kazi yetu imeharibika. Kabati la mwalimu mkuu limetoka malengelenge. Meza mbili zinanata hadi leo. Mteja mmoja ametuletea meza yake ikiwa na gazeti lililogandia juu, na anadai tumsomee upande wa chini. Haya yote yametokea jagi likiwa limekaa kwenye rafu, nami sijaligusa hata kwa kidole. Ikiwa linaharibu kiasi hiki likiwa limekaa tu, likianza kutumika itakuwaje?

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na sidhani kama ni makubwa. Jagi lirudishwe lilikotoka. Mkaguzi aletwe kwetu miezi mitatu, madirisha yakiwa yamefungwa, ili naye ajifunze kunusa na kuchangamka. Na pua yangu itambuliwe rasmi kuwa kipimo halali, ikaguliwe kila mwaka na kugongwa mhuri kama mizani za sokoni. Mhuri uwe mdogo.

Nisalimie wote ofisini kwako, pamoja na mlinzi wa getini aliyenielekeza mahali pa kuleta barua hii. Mkaguzi naye msalimie, umwambie sina kinyongo.

Ni mimi mtumishi wako mwenye kuheshimu sheria zote isipokuwa hii,

Pua
Mchanganyaji Mkuu, Chumba cha Vanishi

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha mke wangu alipoingia akitoka kwa jirani. Alisimama mlangoni akaziba pua, akaniuliza, "Wewe baba, husikii?" Barua hii yote nimeiandika nikiwa nimempakata mjukuu wetu wa miezi minane. Mke wangu anasema mtoto amejisaidia zamani, kwa jinsi uchafu ulivyokauka, na harufu imefika barabarani. Mimi sikusikia kitu. Nilidhani ananitania. Tulipokwisha kumsafisha mtoto nilinusa kitunguu, kisha kiatu changu, kisha tina yenyewe, katika kitambaa nilichorudi nacho leo kutoka kazini. Vyote vilikuwa kama maji. Nimejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliposema "tayari" kwa harufu na si kwa mazoea, na sikumbuki. Naogopa, Mkuu. Mke wangu amempaka mtoto mafuta, akanisogezea kichwa cha mtoto ninuse, akasema hakuna harufu tamu kuliko hiyo katika nyumba hii. Nimeinama, nimevuta pumzi mara tatu, nikamwambia ni kweli. Tafadhali mkaguzi aje Jumatatu anifundishe kusoma ile mistari ya jagi, na alete barakoa za wenzangu wote. Wao bado wanasikia.