Kigawa Umeme cha Shangazi Tsvetana

Fundi Ognyan alimwona Tsvetana, aliyeitwa shangazi na mtaa mzima, akipanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa, lifti mbovu, pumzi zimemwishia, kwa kazi moja tu: kuchomoa plagi na kuichomeka tena. Hapohapo akajua riziki imemfuata.

Mama huyo alikuwa na kampuni yake ndogo ya mtandao pale mtaa wa Lyulin, mjini Sofia. Nyaya zake zilivuka barabara kutoka paa hadi paa, na mitambo ilikaa kwenye chumba kando ya roshani yake. Mtambo ukiganda, dawa ilikuwa kuuzima na kuuwasha.

"Shangazi, miguu hiyo ya kupumzika," Ognyan akamwambia. "Nitakufungia kigawa umeme cha kisasa. Unachomeka mitambo yote humo, nacho kinaungwa kwa waya kwenye mtandao. Unazima na kuwasha kwa simu, hata ukiwa sokoni."

"Na mwingine hawezi kunizimia?"

"Nakuapia kaburi la bibi yangu!"

Bibi mwenyewe alikuwa hai, anauza asali mjini Pernik.

Akafunga, tena akafunga vizuri, kwani tapeli mzuri haharibu kazi. Swichi ya mtandao, kisanduku kinachounganisha nyaya zote, aliichomeka tundu la kwanza, na waya wa kigawa umeme akauingiza kwenye swichi hiyo. Neno la siri la kiwandani hakuligusa. Alilihifadhi kichwani, pamoja na dhambi zake nyingine.

Siku ya mechi aliketi mgahawani chini ya jengo, akazima matundu yote isipokuwa la kwanza. Hilo hakuthubutu: swichi ikizimika, hata yeye asingekifikia tena kigawa umeme. Lyulin nzima ikatoa vichwa madirishani ikitukana. Ognyan akaja na mkoba, akategea mtambo sikio kama daktari, akaugonga kwa bisibisi, mkono mwingine ukichezea simu mfukoni. Taa zikawaka. Alilipwa, akapewa na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda. Roshani ilinukia pilipili hoho za kuchoma, kama roshani zote za Sofia mwezi Septemba.

Mtu mwingine angeridhika.

"Ugonjwa huu utarudi, shangazi," akasema. "Nipe nusu ya kampuni, niwe naulinda mtambo."

Tsvetana akageuza pilipili zake polepole. "Mtandao ukikatika tena wateja watanihama, nimekwisha. Sawa. Ugonjwa ukirudi ukautibu, nusu ni yako. Ukikushinda, gari lako la Opel ni langu. Mzee Spas, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Spas, jirani aliyekuja kulalamika akabaki kwa ajili ya rakia.

Mechi iliyofuata, Ognyan akazima kama kawaida, akapanda ngazi akipiga mluzi. Akabwaga funguo za Opel mezani kwa madaha. Akategea sikio. Akagonga. Akabonyeza mfukoni.

Giza.

Akabonyeza tena. Akageukia ukutani akachungulia simu: kifaa hakipatikani.

"Fundi, mbona unatokwa jasho?" Spas akauliza. "Mgonjwa ni wewe au mtambo?"

"Joto tu, mzee."

Na kweli palikuwa na joto. Jiko la umeme la kuchomea pilipili lilikuwa jekundu pale mlangoni mwa roshani, linachoma kwa raha zake. Ognyan akaufuata waya wake kwa macho, na uso ukampauka.

"Shangazi... hilo jiko umelichomeka wapi?"

"Tundu la kwanza, mwanangu."

"Na swichi?"

"Tundu la mwisho, lilipokuwa jiko siku ile. Wewe ulikuwa unagonga mtambo huku, jiko langu likawaka lenyewe kule. Nikajiuliza, bisibisi gani hii inayochoma pilipili?"

Spas akacheka mpaka rakia ikampalia.

Tsvetana akachomoa jiko, akarudisha swichi tundu lake la kwanza, akasubiri kidogo, kisha akatoa simu yake kwenye aproni na kuwasha matundu mengine. Goli likalia kwenye madirisha yote kwa pamoja.

"Neno la siri nimebadilisha sasa hivi, usijisumbue," akasema, akimfungia pilipili za moto kwenye gazeti. "Shika, ule njiani. Kwa miguu ni mbali."

Ognyan akashuka, lifti bado mbovu. Alipofika uani akasikia sauti ya Tsvetana kutoka juu.

"Ognyan! Tangi la gari umejaza?"

"Asubuhi," akajibu kabla hajajizuia.